Je, Piano ni kwa Ajili ya Kipimo?

Mabishano yameingia kati ya wapenda muziki wa mji wetu wa Bunia, nayo si mabishano ya maneno matupu. Wako wanaosema kwamba fundi aliyeitwa kupatanisha nyuzi za piano hana ruhusa ya kuiacha chini ya kipimo cha kimataifa, hata kama piano ni ya zamani namna gani, hata kama nyuzi zake zimeshika kutu namna gani. Kwao neno ni moja tu: noti ya La iliyo katikati ya piano itoe mitetemo 440 kwa sekunde, la sivyo fundi arudishe fedha na kwenda zake. Nao hulisema neno hili kwa sauti ya hakimu.

Sisi twasema hivi: kipimo ni kitu chema, na mara nyingi yafaa kifuatwe. Lakini lile neno «daima» hatulikubali. Ni neno la mtu ambaye hajawahi kuona uzi ukikatika mahali pasipo na uzi mwingine.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa watu wa miji mikubwa ya Ulaya. Huko uzi ukikatika, fundi huagiza mwingine, nao hufika baada ya siku chache. Huku kwetu mpiga gitaa aweza kupata nyuzi zake bila taabu kubwa, lakini mwenye piano sharti aagize mbali, kisha angoje, na barabara ya Komanda na ile ya Mahagi kila msomaji ajua zilivyo. Tena fundi mwenyewe mara nyingi hutoka mbali, naye akiondoka hatujui lini atarudi. Kwa hiyo kosa lake la saa moja laweza kuwa hasara yetu ya miaka kumi.

Tukumbuke pia vyombo hivi vilivyofika. Kabla ya mwaka 1960 mzigo mzito uliokuja Ituri kwa njia ya mashariki ulishushwa Mombasa, ukapakiwa katika reli ya Uganda, ukavuka Ziwa Albert kwa meli hadi bandari ya Kasenyi. Kutoka ziwani, penye mita mia sita na kitu juu ya bahari, ukapandishwa kwa gari mpaka Bunia, penye mita zaidi ya 1,200. Piano iliyoundwa kwa mbao za nchi za baridi ilipita joto la pwani, mvuke wa ziwa, na ubaridi wa usiku wa nyanda zetu za juu. Iliyopita hayo yote, kisha ikapita miaka ya vita na uporaji, hata leo ikatoa sauti, ni mzee. Mzee hatumwamuru kukimbia kama kijana kwa sababu tu mbio za kijana zimeandikwa katika kitabu.

Namba yenyewe imetoka wapi?

Wengi huitaja 440 kama kwamba iliandikwa juu ya mawe. La hasha. Mwaka 1711 mpiga tarumbeta mmoja Mwingereza, jina lake John Shore, alibuni diapazoni, yaani kile chuma chenye meno mawili kama uma, ambacho ukikigonga hutoa sauti ile ile siku zote. Tangu hapo kila mji uliweza kuitunza sauti yake. Lakini kila mji ulikuwa na yake. Katika karne ya 19 sauti ya okestra za Ulaya ilizidi kupanda, kwa sababu sauti ya juu hung'aa na kupendeza masikio. Waliolipa gharama ya kupendeza huko ni waimbaji, ambao makoo yao yaliumia.

Ndipo serikali ya Ufaransa, mwaka 1859, ikaunda sheria kwamba La iwe mitetemo 435. Katika tume iliyotoa shauri hilo walikuwamo watunzi kama Rossini na Berlioz. Mwaka 1884 Verdi, mtunzi mkuu wa Italia, aliunga mkono 432. Mwaka 1885 wajumbe wa mataifa kadhaa walikutana Vienna wakakubali 435, na patano hilo likaonekana kubwa hata likatajwa katika kifungu cha 282 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba ule ule uliomaliza vita kuu ya kwanza. Na Waingereza, kwa muda mrefu wa karne hiyo ya 19, walipiga karibu na 452. Mwishowe mkutano wa London wa mwaka 1939 ukapendekeza 440. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaiandika mwaka 1955, likaithibitisha tena mwaka 1975.

Basi msomaji azipange mwenyewe: 432, 435, 440, 452. Zote zilitetewa na watu wenye akili na masikio mema. Tena hata leo okestra nyingi za Ulaya hupatanisha vyombo vyao kwenye 442 au 443, na wale wanaopiga muziki wa kale wa karne ya 17 na ya 18 mara nyingi hushuka hadi 415, yaani nusu-sauti nzima chini. Hakuna anayewafukuza jukwaani. Kwa nini basi piano ya mzee mmoja wa Bunia ndiyo ihukumiwe?

Kuna na jambo lingine. Piano nyingi zilizoundwa Ulaya kabla ya mwaka 1939 ziliundwa wakati 435 ilipokuwa kipimo cha nchi nyingi. Anayeivuta piano ya namna hiyo hadi 440 kwa jina la uaminifu, huivuta kupita pale alipokusudia yule aliyeiunda. Uaminifu huo ni kwa nani?

Kipimo ni kama saa

Ili jambo lieleweke, tutazame saa zetu za ukutani. Nchi yetu ya Kongo ina saa mbili. Inapokuwa saa sita ya mchana huku Bunia, Kinshasa ni saa tano tu. Na ng'ambo ya ziwa, Kampala, ni saa saba. Je, mmoja kati ya miji hii mitatu ni mwongo? Hapana. Kila mmoja umeshika patano lake, na patano hilo huwafaa watu wake, kwa kuwa soko hufunguliwa, shule huanza na kengele hulia kwa saa moja inayojulikana na wote. Lakini siku mtu wa Bunia atakapopanga kuzungumza kwa simu na mtu wa Kinshasa, hana budi kuuliza: «Saa yako au saa yangu?» Asipouliza, mmoja atangoja bure.

Ndivyo ilivyo kwa 440. Ni patano baina ya watu wanaokutana. Mahali wanapokutana lina nguvu kama sheria, na mwenye kulivunja huwaharibia wenzake. Mahali wasipokutana halina kazi. Piano iliyo peke yake katika chumba, ikimsindikiza mwimbaji mmoja au ikiwafundisha watoto kupanga vidole, haina miadi na mtu. Inayotakiwa ni moja tu: nyuzi zake zipatane zenyewe kwa zenyewe, oktava iwe oktava kweli, na Do na Sol zisigombane. Piano iliyopatana yenyewe kwenye 425 ni njema kwa kuimbia. Piano iliyovutwa hadi 440, kisha ikateleza vipande vipande, huku katikati pamelegea na juu pamekaza, haifai kwa 440 wala kwa namba nyingine yoyote.

Uzito wa nyuzi

Sasa tuingie ndani ya piano, maana wanaosema «daima» mara nyingi hawajafunua ubao wa mbele. Ndani mna nyuzi kama 220 au 230, na kila mmoja huvutwa kwa nguvu ya kilo 70 au 80, pengine zaidi. Ukijumlisha zote, fremu ya chuma na mbao zake hubeba mvuto wa tani 16 hadi 20. Tuseme ni tani 18: huo ni uzito wa mifuko 360 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, ukining'inia usiku na mchana katika kabati moja la mbao.

Piano iliyoachwa miaka mingi bila fundi hushuka. Mara nyingi tutaikuta imeshuka nusu-sauti nzima, yaani La yake inalia kama La-bemoli, karibu na 415. Ili kuirudisha 440, mitetemo yahitaji kuongezeka kwa sita katika mia. Lakini sauti ya uzi haifuatani na mvuto wake moja kwa moja: ili mitetemo iongezeke sita katika mia, mvuto sharti uongezeke kumi na mbili katika mia. Kama nyuzi zilikuwa zikivuta tani 16, sasa zitavuta karibu tani 18. Fundi ameongeza tani mbili, yaani mifuko 40 ya saruji, alasiri moja, juu ya mbao zilizokauka na nyuzi zilizoliwa na kutu.

Wahenga walisema: kamba hukatikia pembamba. Uzi wa piano nao hukatika pale ulipojikunja kuzunguka msumari wa kukazia, au pale unapokanyaga chuma, kwa sababu ndipo kutu hupenda kukaa. Na uzi wa kwanza ukikatika, fundi mwenye busara husimama na kufikiri. Fundi wa «daima» huendelea. Akimaliza amekata sita au saba, na zile zilizobaki hazitulii. Kwa kuwa kila uzi unaokazwa huubonyeza ubao wa sauti chini, nyuzi zilizokwisha kupatanishwa hulegea tena. Kwa hiyo piano iliyoinuliwa nusu-sauti hupitiwa mara mbili au tatu, na hata hivyo hushuka tena baada ya majuma machache. Ingefaa fundi arudi. Lakini fundi amekwisha kuvuka mpaka. Mtaka yote hukosa yote.

Tena kuna hewa yenyewe. Ubao wa sauti ni mti, na mti hunywa unyevu. Miezi ya mvua huvimba na kuzisukuma nyuzi juu, hata sauti ikapanda. Miezi ya kiangazi, tangu Desemba hadi Februari, hukauka na kujikunja, sauti ikashuka, hasa katikati ya piano. Fundi akiipatanisha kwa 440 barabara katikati ya kiangazi, mvua zikikolea ataikuta juu ya 440. Ameshika namba siku moja, na mwaka wote namba imemponyoka. Fundi anayekaa karibu hufuata majira na kuyavumilia kidogo. Fundi wa kupita njia hana budi kuchagua mahali ambapo piano yaweza kukaa.

Majibu kwa wapinzani

Hatutaki kuwadhulumu wanaotupinga. Wana hoja nne, nazo ni hoja za watu wenye heshima. Tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya mizani. Husema: «Ninyi ni watu wa Ituri, nchi ya dhahabu. Je, mngekubali kila mnunuzi wa Mongbwalu awe na gramu yake?» Hasha, tusingekubali hata kidogo, mwenye gramu yake mwenyewe ni mwizi. Lakini kwa nini gramu sharti iwe moja? Kwa sababu dhahabu hutoka mkononi mwa huyu kwenda mkononi mwa yule, na kila mmoja apaswa kujua alichopokea. Sauti ya piano iliyo peke yake haitoki mkono kwa mkono. Haiuzwi Bunia ikanunuliwa Kampala. Anayeisikiliza hapunjwi, ikiwa nyuzi zapatana. Mfano wa mizani ni mwema, lakini unatufundisha lile tulilokwisha kusema: kipimo ni kwa ajili ya kukutana.

Hoja ya pili ni ya fanfari na korali, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Tarumbeta, klarineti na filimbi vimeundwa kwa 440 au karibu yake. Mpigaji aweza kuvuta bomba kidogo akashuka kidogo, lakini hawezi kushuka nusu-sauti bila kuharibu upatanifu wa noti zote. Okestra ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ni fahari ya nchi yetu. Dunia nzima ilisikia jinsi wanamuziki wake walivyojitafutia vyombo, na jinsi nyuzi za fidla zilipokatika wakatumia waya za breki za baiskeli. Watu wengi kiasi hicho hawawezi kupiga pamoja bila La moja. Hapa twakubali bila kigugumizi: piano inayoitwa kupiga pamoja na fanfari au na okestra yapasa iwe kwenye 440, na kama haiwezi kufika, basi isiitwe.

Lakini tuhesabu vizuri ni nani kweli hawezi kushuka. Gitaa hulegezwa kwa dakika mbili. Fidla vivyo hivyo. Sauti ya mtu hufuata po pote inapoongozwa, na waimbaji wa sauti ya kwanza hushukuru ikiwa wimbo umeshuka kidogo. Vinanda vya umeme, ambavyo siku hizi vimejaa katika makanisa na katika kumbi za arusi, vingi vina kitufe cha kushusha au kupandisha sauti yote kwa pamoja. Ni aibu kumkazia mzee wa miaka tisini mpaka nyuzi zake zikatike, na kando yake amesimama kijana wa plastiki ambaye angeweza kuinama kwa kubonyeza kidole!

Hoja ya tatu ni ya masikio ya watoto. Husema mtoto anayejifunza kwa piano iliyoshuka ataharibika sikio, na siku atakapokwenda kusoma muziki Kinshasa atachekwa. Hofu hii twaiheshimu, na kwa ajili yake twasema kwamba piano ya shule ndiyo ya kwanza kutengenezwa vema na kununuliwa nyuzi mpya. Hata hivyo, sikio la mtu hujifunza zaidi umbali baina ya noti kuliko noti yenyewe. Ajuaye kuimba tatu na tano juu ya Do ataziimba po pote Do itakapowekwa. Ushahidi tunao karibu. Waalur wa Mahagi hupatanisha adungu, kile kinubi chao, ili kimfae mwimbaji, na hakuna anayetafuta diapazoni. Ng'ambo ya ziwa, katika Buganda, mtaalamu Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Uganda, alipima upatanisho wa kinubi cha Waganda, akatangaza mwaka 1950 kwamba oktava imegawanywa hatua tano zinazokaribia sana kulingana. Sikio lililoweza kufanya kazi ya namna hiyo bila chuma cha kupimia halikuharibika. Lilikuwa kali kuliko letu. Kinachoharibu sikio la mtoto ni piano ambayo nyuzi tatu za noti moja hulia sauti tatu. Na hiyo ndiyo piano tunayoachiwa na fundi aliyelazimisha namba.

Hoja ya nne husemwa kwa hasira, nayo yatugusa moyoni. Husema: «Mnataka Bunia iridhike na cha chini. Kipimo cha Paris na London ni kwa watu, na kwa ninyi ni po pote panapotosha.» Ndugu, maneno haya tungeyasema sisi wenyewe, kama yangekuwa kweli. Kwa maana yuko fundi wa namna hiyo: afika, atazama nyumba, atazama watu, ajisemea moyoni kwamba hawa hawatajua tofauti, apatanisha pale pale alipoikuta piano kwa sababu ni kazi ya saa moja na nusu badala ya siku nzima, achukua malipo kamili, aondoka bila neno. Huyo ametudharau, na hatumtetei. Lakini tazameni dharau yake iko wapi. Haiko katika namba aliyoiacha. Iko katika kutotuambia. Mganga anayemwambia mgonjwa kwamba moyo wake haustahimili upasuaji hamdharau. Anayemdharau ni yule asiyempima, na yule vile vile anayempasua ili jina lake liandikwe kwamba alipasua.

Kanuni tunayoitaka

Basi tusibaki katika kukanusha tu; tuseme tunalotaka.

Kwanza, piano mpya, na piano yo yote yenye nyuzi nzima na misumari iliyoshika, ishikwe kwenye 440, wala fundi asitoe udhuru wa uvivu. Piano huundwa kwa mvuto fulani, na ikilegea sana sauti yake hufifia na kupoteza mwili. Kushuka si sifa. Ni jambo la kuvumiliwa kwa sababu, na sababu hiyo ionyeshwe.

Pili, fundi aulize kabla ya kushika ufunguo: piano hii hupiga pamoja na nani? Ikiwa kuna fanfari, jibu moja. Ikiwa kuna sauti za watu tu, jibu lingine.

Tatu, ajaribu. Alegeze kidogo nyuzi chache ili kuivunja kutu, kisha azikaze polepole, aone kama zastahimili na kama misumari yashika. Akishaona, amwambie mwenye piano kwa lugha nyepesi: «Naweza kuifikisha, lakini huenda nyuzi kadhaa zikakatika, na kila mmoja utagharimu kiasi fulani,» au, «Hapa ilipo itakaa vizuri miaka kadhaa.» Mwenye mali ndiye aamue. Hasara ni yake, na uamuzi uwe wake.

Nne, ikiwa hapana budi kushuka, ashuke kwa utaratibu. Asiiache kati ya noti na noti, mahali ambapo hakuna chombo kitakachoifikia. Kama piano yaweza kukaa kwenye 435, iwe 435, maana hapo tofauti na 440 ni kama sehemu moja ya tano ya nusu-sauti, na vyombo vingi vitaivumilia. Kama yapasa kushuka zaidi, basi ishuke nusu-sauti kamili, 415, ili mpiga klarineti ajuaye kazi yake aweze kuhamisha noti na kupiga nayo. Aliyeshuka nusu-sauti kamili amebaki na mlango wa kukutana na wenzake. Aliyeachwa njiani hana.

Tano, aandike. Karatasi ndogo ibandikwe ndani ya kifuniko: tarehe, namba ya La, na nyuzi zilizobadilishwa. Fundi wa pili atakayekuja atamshukuru, na mwenye piano hatadanganywa mara mbili.

Na sasa neno kwetu sisi wenyewe tulio na piano katika shule, katika kumbi na majumbani. Twamlaumu fundi kwa kuishusha, twamlaumu kwa kukata nyuzi. Je, ni nani aliyeiacha piano miaka kumi na mitano karibu na dirisha, jua likiipiga asubuhi na mvua ikiirushia jioni? Ni nani aliyeweka juu yake chungu cha maua na maji yake? Piano inayopatanishwa mara mbili kwa mwaka haishuki nusu-sauti, na swali hili lote la 440 halifiki mlangoni pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wala tusiseme hatuna chombo cha kupimia. Siku hizi simu ya mfukoni yaweza kupakiwa programu itakayoonyesha mitetemo ya noti yo yote. Mwalimu apige La siku ya kwanza ya kila mwezi, aandike namba katika daftari. Akiona inateremka kutoka 440 kuja 437, kisha 434, amwite fundi wakati huo huo, nyuzi zingali na nguvu za kurudi.

Tena tuwatafute vijana wawili au watatu wenye sikio na subira, tuwapeleke kujifunza kazi hii kwa fundi stadi, tuwanunulie ufunguo, diapazoni na mzingo wa waya wa piano wa unene mbalimbali. Mji wenye mafundi wa pikipiki, wa jenereta na wa redio hauwezi kukosa watu wa kujifunza piano. Fundi anayekaa kati yetu hatakuwa na haraka ya kuvuka mpaka. Ataiinua piano kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, akingoja mbao zizoee, na huenda siku moja akaifikisha 440 bila kuukata uzi hata mmoja. Hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa wale wanaoipenda namba hiyo kuliko sisi.

Mpaka siku hiyo, fundi atakapofika na ufunguo wake, tusimwulize kwanza, «Je, utaifikisha 440?» Tumwulize, «Je, itastahimili?» Na akijibu hapana, tumlipe haki yake kwa ukweli aliotuambia, tufungue kifuniko, na tuimbe pale piano ilipo.